Mzungu Aliyelia Ndani ya Sanduku

Tulipomzika mume wangu Albert, mwaka jana, mjukuu wetu mmoja alifanya jambo lililowagombanisha watu kwenye matanga. Watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wanasubiri chakula, naye akatoa simu yake, akaiunganisha na vile vipaza sauti vilivyokodiwa kwa ajili ya nyimbo za dini, akaweka wimbo wa Mmarekani mwenye gitaa. Kantri, ndivyo vijana wanavyouita muziki ule. Sisi zamani tuliuita muziki wa kauboi. Haukufika hata katikati, maneno yakaanza. Mchungaji alisema hiyo ni miziki ya baa. Binti wa shemeji yangu akasema sivyo kabisa, yeye anausikiliza akipika, unamtuliza, hauna matusi wala viuno. Mkwe wangu aliyetoka Kinshasa akacheka: "Alors, hii inachezwa namna gani? Inaleta usingizi tu!" Kijana akajitetea, akasema ndio muziki aliokuwa akiupenda Koko, yaani babu yao, maana kwetu babu na bibi wote huitwa Koko. Kisha wote wakanigeukia mimi, mjane, nimekaa kwenye mkeka na kitambaa kichwani: "Koko, kwani yeye aliupendea nini?" Nikawaambia nimechoka, waniache. Na kweli nilikuwa nimechoka. Lakini nilinyamaza pia kwa sababu swali lile halijibiwi kati ya sahani mbili za wali. Niliuchukia muziki ule kabla hata mmoja wao hajazaliwa. Niliuchukia mwaka mzima, kwa moyo wangu wote, na nilikuwa na sababu.

Lazima niseme kwanza kwamba mimi si mtu wa kuamini upesi. Ukiniletea samaki ninafunua mashavu yake nione damu, hata kama wewe ni dada yangu. Ndivyo nilivyo, na ndivyo nilivyokuwa nilipoolewa, katikati ya ile miaka ya hamsini, wakati Wazungu waliuita mji huu kwa jina la mtu wao na sisi midomoni mwetu tuliuita Kisangani. Albert alikuwa fundi kwenye karakana ya reli ng'ambo ya mto, Lubunga. Kila asubuhi alivuka, kila jioni alirudi akinuka mafuta ya mashine, na sikuwa na la kulalamika. Hakunywa lotoko, pombe yetu kali, hakupiga, hakusemasema. Lakini hilo la kutosemasema ndilo lililonikaa kooni. Mtu mzuri hivyo, mbona hana habari? Ukimuuliza kuhusu kwao, Opala, atakuambia mto Lomami una maji meusi na watu wake wanalima mpunga. Basi. Utafikiri alizaliwa mtu mzima, na fulana yake mwilini.

Tulipanga chumba Mangobo, kwenye uwanja wa Mama Mwajuma, mjane wa ukoo wa zamani wa Waislamu wa hapa, mwanamke mrefu, kavu, aliyeuza mikate ya kukaanga asubuhi na kujua mambo ya watu wote kufikia saa sita mchana. Vyumba vyake vilipangwa mstari mmoja, na kuta za matofali ya udongo hazikufika juu kwenye paa, kwa hiyo maneno yalivuka kutoka chumba hadi chumba pamoja na moshi. Chetu kilikuwa na kitanda, meza moja, sanduku la bati la nguo, na picha ya Bikira Maria niliyopewa siku ya ndoa. Chumba cha pili alikaa Tonton Gaspar, mhudumu wa baa, aliyejua majina ya wapiga gitaa wote wa Leopoldville na mwenye kidonda cha mguu kisichopona. Tulipika nje, kila mtu jiko lake. Nilimpikia Albert lituma, ndizi zilizopondwa mpaka zinavutika, pamoja na samaki na pilipili, na alikula yote akasema asante. Majirani waliniambia nina bahati. Nami nilijiuliza bahati hiyo inanificha nini.

Kisha akaleta lile sanduku. Mzungu mmoja wa Marekani, aliyekuwa kwenye mashamba ya mpira, alikuwa anarudi kwao na anauza vitu vyake, na Albert akanunua fono, ile gramafoni ya kuzungusha kwa mpini, pamoja na santuri zake. Nilifurahi mwanzoni. Nilidhani sasa na sisi tutasikia rumba. Jumapili, baada ya misa na baada ya kula, Albert akafuta vumbi, akazungusha mpini, akaweka sindano. Hamadi! Ikatoka sauti ya mwanaume analia. Sitanii. Gitaa lilikuwa linavutwa kama mtu anaburuzwa, na mwanaume yule anaimba polepole, halafu ghafla sauti inapanda juu, inavunjika kooni, inashuka, inapanda tena. Haikupita muda, wanawake wa uwanja wa pili wakaingia mbio, vitenge wamejifunga kiunoni, mmoja ameshaanza kupiga yowe, mwingine mikono kichwani. Walikuja kulia na sisi. Kwetu kilio ni habari: ukikisikia unaacha sufuria motoni unakimbia, hungoji kuitwa. Wakamkuta Albert amekaa kwenye kigoda, mzima, mbele ya sanduku.

"Ni nani amekufa?" akauliza yule wa mbele.

"Hapana mutu, mama," Albert akajibu. "Ni disque, ni santuri tu."

Yule mama akamtazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Bon. Unatuitia kilio, na maiti haiko?" Wakafungua vitenge vyao, wakaondoka wamenuna kama watu walioalikwa harusi wakakosa hata maji. Tonton Gaspar alicheka mpaka akakohoa. "Albert, ndugu yangu," akasema, "hii miziki haina kiuno! Mutu atacheza na nini, na machozi?" Lakini Mama Mwajuma hakucheka. Alikuwa mlangoni kwake na kikapu cha unga, na jioni alinivuta kando ya choo, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Tereza, kwenu nani alikufa?" Nikasema hakuna. "Kwa kina bwana yako?" Nikasema sijui, hasemi. "Donc analilia nani? Sikiliza, mutoto wangu. Kilio bila maiti ni kualika. Utaita, utaita, siku moja kifo kitaitika."

Huo ndio ulikuwa mwanzo, na tangu siku ile kila Jumapili ilikuwa msiba wangu mwenyewe. Albert alipunguza sauti, alijaza kitambaa ndani ya sanduku, alifunga dirisha, lakini hakuacha. Na mimi, badala ya kusikiliza muziki, nilimwangalia yeye. Ukiwa na shaka unaona kila kitu. Niliona kwamba hakulia hata tone. Alikaa na macho makavu kabisa, amekodoa, mikono juu ya magoti, na yule Mzungu ndiye aliyelia. Niliona kwamba kabla ya kuweka sindano alivuta kigoda cha pili, akakiweka kando yake, na hakuna aliyekaa. Siku moja nilikwenda kukikalia mimi. Aliinuka taratibu, akanipa chake, akakaa chini sakafuni, na kile cha pili kikabaki kitupu. Mtu wa kawaida angesema, ah, mume wangu ananiheshimu. Mimi nilijiambia: kiti kile kina mwenyewe, na mwenyewe si mimi.

Bila shaka nilifikiri mwanamke. Msichana wa miaka kumi na minane atafikiri nini kingine? Nilimwona kabisa, huyo mwanamke wa Opala, mrefu kuliko mimi, mwenye meno mazuri. Nikaanza kunusa mashati yake. Na katika kutafuta huko, siku moja yuko kazini, nilipekua sanduku la bati hadi chini kabisa, na chini ya blanketi nikakuta shati. Lilikuwa sawasawa na lile jeupe lenye mistari alilonunua dukani kwa Mgiriki wakati wa Pasaka. Kitambaa kilekile, kola ileile, vifungo vilevile, na halijawahi kuvaliwa. Chini yake suruali, ndugu ya ile ya misa. Chini yake kofia. Nilikaa kitandani na vitu hivyo mapajani. Nguo za mwanamke ningezielewa. Sasa nguo za mwanaume wa pili, mpya, ndani ya sanduku la mume wangu, ni za nani? Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilizikunja upya kwa mikunjo ileile, na sikumwambia yeye neno.

Nilimwambia Mama Mwajuma. Mtu hawezi kubeba kitu kama hicho peke yake. Alichambua mchele wake, kisha akaniuliza kama nimeshabeba mimba. Ilikuwa imeanza kuonekana. Akaweka ungo chini. "Kuna batu," akasema, "wako na rafiki ambaye hapana mutu. Anamununulia nguo, anamuwekea kiti, anamuimbia kila juma. Huyo rafiki siku moja ataomba cha kwake. Na hataomba shati." Akaniangalia tumbo. Nyinyi wasomi mnaweza kucheka. Mimi nilihisi mtoto amegeuka ndani yangu, na toka saa ile sikuwa tena na wivu, nilikuwa na hofu. Kila alichofanya Albert kilikuwa na maana mbaya. Akiniletea parachichi, nilijiuliza kwa nini ananinenepesha. Akiweka mkono wake tumboni kwangu na kutabasamu, niliuhesabia uzito ule mkono.

Kulikuwa na njia moja ya kujua, nami nikaijaribu. Papa Timoteo, muuguzi aliyekuja kumfunga Tonton Gaspar kidonda, alisomeshwa na misheni ya Waingereza upande mto unakoteremkia, na alijua lugha yao. Jumapili moja alikuwa ameinama juu ya mguu wa Gaspar wakati Mzungu wetu anaanza kulia upande wa pili wa ukuta. Nikachuchumaa karibu naye nikijifanya naosha vyombo. "Papa Timoteo," nikanong'ona, "anasema nini?" Akatega sikio. Akakunja uso. Akatega tena. "Anasema farasi wake amekufa," akasema. Nikangoja. "Na?" "Na treni imepita." "Basi?" "Basi, mama. Sasa anarudilia kuhusu farasi." Tonton Gaspar akapiga kelele kwamba dawa inachoma, au labda alikuwa anacheka. Mimi nilijaa hasira. Farasi! Huku kwetu nani amewahi kumwona farasi isipokuwa kwenye sinema ya misheni, kwenye ukuta, mweupe na mweusi? Mwanaume mzima alie hivyo kwa ajili ya mnyama? Nilimtazama Papa Timoteo na miwani yake nikajua tu: huyu amesikia jina, na analificha kwa sababu wanaume hufichiana. Nilimwaga maji ya vyombo karibu kabisa na viatu vyake.

Leo nafikiri alisema kweli tupu. Nimewauliza wajukuu wangu wanaojua Kiingereza, wakanithibitishia kwamba nyimbo zile ndivyo zilivyo, mara mbwa, mara lori, mara barua haikufika, mara pombe. Na ndiyo maana watu wengi hawazipendi, naelewa. Mtu akilia kwako unataka kujua msiba ni mkubwa kiasi gani, utoe nini, ukae siku ngapi. Mtu anayelilia treni anakupotezea muda. Tena kwetu hapa kuimba huzuni kuna mahali pake na siku zake. Ukiitoa nje ya mahali pake ni kama kukaa mezani na nguo za kuzikia. Sijawahi kumlaumu mtu anayeuchukia muziki ule. Nawashangaa zaidi wanaosema wanaupenda kwa sababu unatuliza. Albert haukumtuliza. Alitoka kwenye santuri zile kama mtu aliyeteremsha gunia la mchele, jasho kwenye paji la uso, halafu akaniomba maji.

Tumbo langu likawa kubwa kuliko inavyopasa, na Mama Mwajuma akawa analiangalia kila nikipita. "Mficha maradhi, kilio humuumbua," alinambia. "Usingoje. Nenda kwa shangazi yako Isangi, uzalie kule, halafu utaona." Nilikubali. Shangazi alikuwa na nyumba karibu na soko la samaki, angenipokea. Nilianza kutoa nguo zangu moja moja, nikaziweka kwa Mama Mwajuma chini ya kitanda, kitenge leo, blauzi kesho, ili sanduku letu lisionekane limepungua. Boti ilikuwa ishuke wiki inayofuata. Nilikuwa nimeshaamua. Nilipika pondu, majani ya muhogo, siku ile nikijua ni moja ya sahani za mwisho nitakazompikia, na nililia kidogo juu ya sufuria, nikasingizia moshi.

Ndipo mama mkwe akafika. Hakuna aliyemwita, Albert alimtumia habari tu kwamba nina mimba, na yeye akateremka Lomami kwa mtumbwi, kisha akapanda mto mkubwa kwa boti mpaka kwetu, na kuku wawili na mkungu wa ndizi. Mama Adela alikuwa mfupi, mweusi sana, mwenye chale kwenye paji la uso na mikono ya mtu aliyetwanga maisha yake yote. Alinishika tumbo kwa mikono yote miwili, akasikiliza kwa vidole, na sura yake ikabadilika. Nikajiambia, huyu naye anajua. Nilitoka nje kuponda ndizi, nikakaa chini ya ukuta, pale ambapo maneno yanavuka. Ilikuwa Jumapili. Albert, kama punda anayejua njia yake, akavuta vigoda viwili, akazungusha mpini.

Yule Mzungu hakumaliza hata mstari mmoja. Nilisikia sindano inakwaruza na mama anasema, kwa Kilingala cha mtoni ninachokielewa vizuri: "Ni nani anayelia ndani ya nyumba yako?"

"Ni disque, mama."

"Nimekuuliza ni nani anayelia! Na hiki kiti ni cha nani? Wewe mtoto! Unamlilia mwenzako? Wewe pacha unamlilia pacha? Hukuambiwa? Wewe hukucheza siku ile mbele ya watu wote, na mimi sikucheza?"

Mchi ulinisimama mkononi. Ni desturi ambayo hata sisi tunaijua, ingawa kila kabila lina namna yake. Mapasa, yaani mapacha, hawaliliwi. Mmoja akienda, hamsemi amekufa, na hamtoi chozi, la sivyo anakasirika, anageuka nyuma kuja kumchukua aliyebaki, au mama, au mtoto wa yule aliyebaki. Mnaimba. Mnacheza, mnatukanana kwa kucheka, mnajipaka chokaa nyeupe. Na aliyebaki ananunuliwa kila kitu mara mbili, ili mwenzake asione amesahauliwa. Mashati mawili. Kofia mbili. Vigoda viwili. Nilibaki pale na ndizi zinapoa, na mambo yote niliyoyanusa na kuyapekua mwaka ule yalijipanga mbele yangu, na hakukuwa na mwanamke ndani yake, wala pepo. Kulikuwa na pacha wake, kijana ambaye, nilikuja kuambiwa baadaye, aliondoka na homa akiwa na miaka kumi na mitano.

"Mama," Albert akasema. Sijawahi kusikia sauti yake ikiwa ndogo vile. "Mimi siko nalia. Niangalie macho. Siku ile walikuwa wananiangalia macho, kila mtu, wakati nacheza. Mimi siliagi, mama. Ni huyu Mzungu anayelia. Yeye hamjui. Hajui jina lake. Hakuna mtu aliyemkataza."

Mama Adela akajibu, na sasa aliongea kwa hofu kuliko kwa hasira: "Bibi yako ana tumbo la wawili. Nimewashika. Unataka amrudie nani? Toa hicho kitu mbele yangu." Nikasikia fono linasukumwa chini ya kitanda.

Watu watadhani niliingia ndani nikamkumbatia. Siyo! Nilikasirika. Nilipita pale na sufuria yangu nikaiweka mezani kwa kishindo. Mwaka mzima nimegombana na mtu aliyelala kaburini, nimemwonea wivu, nimemkimbia, nguo zangu ziko chini ya kitanda cha jirani, na Albert hakuweza kufungua mdomo? Usiku huo nilimwuliza, na akaniambia neno moja tu: "Ningesema namna gani?" Nikafikiri, nikaona kweli. Angesema nini, wakati lile neno lenyewe haliruhusiwi? Nikaenda asubuhi kwa Mama Mwajuma, nikachukua nguo zangu. Nilipomweleza alishika mdomo, akaniambia, "Yalla! Na mimi nilikuwa namsomea dua." Lakini hofu haikuisha, ilihama tu. Sasa sote tulijua ndani yangu wako wawili, na kwamba kwa mwaka mzima mtu mmoja alikuwa amewekewa kiti.

Walizaliwa kwenye hospitali ya uzazi ya masista, mvulana na msichana. Mvulana alitoka na ngumi zake, anadai. Msichana alikuwa mdogo kama kiganja na nusu, na nywele nyingi, na alinyonya kwa kupumzika, anavuta mara mbili tatu halafu ananitazama. Tulirudi nao nyumbani. Niligawa: titi la kulia la kaka, titi la kushoto la dada, wasigombane. Kwa siku chache uwanja mzima ulikuwa wetu. Tonton Gaspar aliwaigizia gitaa kwa mdomo, Mama Mwajuma alileta mikate bila kuulizwa. Kisha yule mdogo akaacha kuvuta. Papa Timoteo alikuja na mkoba wake, akakaa naye asubuhi nzima, akavua miwani akaifuta, na sikumshuku tena, niliona kwamba hana dawa. Mtoto akaenda mikononi mwangu, saa za mchana, jua linawaka nje na watu wanatwanga.

Mama Adela alimchukua kwangu kabla sijafungua mdomo. "Tereza," akasema, "macho." Hilo tu. Wakaja wanawake wa kwao wanaokaa mjini, majani vichwani, chokaa usoni, wakanipaka na mimi. Wakaimba zile nyimbo. Ni nyimbo za matusi ya kuchekesha, za tumbo la mama linalozaa kama mbuzi, za baba mwenye nguvu za bure, na watu wanapiga makofi. Nilipewa mvulana nimpakate, nikaimba. Nataka wajukuu wangu walijue hili: niliimba kila mstari. Titi la kushoto lilijaa, likauma, likaanza kumwaga lenyewe, kitenge kikalowa upande mmoja, nami ninacheza na meno yangu nje. Mama Adela aliongoza nyimbo kwa sauti kubwa kuliko wote, na hakuondoa macho yake usoni kwangu, na mimi sikuyaondoa yangu kwake, kwa sababu niliona mtu aliyewahi kusimama hapo nilipo. Albert alicheza karibu na mlango. Anajua kucheza vizuri, kumbe. Nilikuwa sijawahi kumwona.

Baadaye walimpeleka, wanaume wachache, kwa nyimbo hizohizo, wakarudi. Wanawake wakanawa chokaa, wakala, wakaaga mmoja mmoja wakinitania, kama inavyopasa. Jioni ilikuwa bado mbali. Tulibaki chumbani watatu, na mtoto amelala. Nilidhani nitapasuka hapo kitandani, mbele ya mama mkwe wangu, nimwue mwanangu wa pili kwa chozi langu mwenyewe. Niliuma kitenge. Albert aliniangalia, akamwangalia mama yake, akainamisha kichwa.

Mama Adela akapiga magoti. Nilidhani anasali. Akaingiza mikono chini ya kitanda, akalivuta lile sanduku, zito, likikwaruza sakafu, mpaka katikati ya chumba. Akafungua kifuniko. Albert akasema, "Mama, ulikataza," lakini hakumjibu. Akachukua santuri ya juu, akaipangusa kwa kanga yake polepole, mbele na nyuma, kama unavyompangusa mtoto uso. Akaipachika mahali pake baada ya kuhangaika. Kisha akanigeukia mimi, si mwanawe, mimi, na kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, chokaa bado imeganda kwenye mikunjo ya shingo yake, akaniuliza:

"Mutoto wangu, hii kitu banaizungushaka wapi?"

Nikashuka kitandani. Nikamshika mkono, nikauweka juu ya mpini, tukazungusha.